Mshenga wa Baba Mdogo

Jumamosi ile Ambwene alipoamua kutafuta mshenga, Nasimiyu alikuwa jikoni na mama yake wakichambua managu, wala hakuwa na habari kwamba maisha yake yanakaribia kujadiliwa hapo nje. Jiko la Mama Milcah lilitengana na nyumba kubwa kwa kiwanja cha kuanikia mahindi. Dirisha lake lilitazama veranda, na veranda ndipo Mzee Nicodemus alipoketi kila alasiri na redio yake.

"Hebu sikia vile baba yako anacheka," Mama Milcah alisema. "Tangu huyu shemeji yangu akuje, mzee amekuwa kijana."

Nasimiyu alitabasamu akainamia mboga. Neno shemeji lilikuwa limeanza kumkwaruza.

Kusema kweli, Ambwene hakuwa shemeji ya mtu yeyote pale Rongai, Kenya. Alikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu huko Mbeya, Tanzania, aliyevuka mpaka na wenzake kuja kujitolea. Asubuhi walifundisha watoto, na mchana walijenga vyoo vya wasichana katika shule ya msingi ambako Nasimiyu alifundisha gredi ya nne. Msomaji anayependa mapenzi yaanzie bustanini penye maua atatuwia radhi. Haya yalianzia kwenye msingi wa choo.

Shule haikuwa na mahali pa kulaza wageni wote, kwa hivyo wachache walitandika mikeka yao darasani na waliobaki waligawiwa kwa wazazi. Mzee Nicodemus, mwenyekiti wa wazazi, alimchukua Ambwene na kumpa chumba cha mwanawe Bravin, ambaye alikuwa amehamia Gilgil kikazi. Kijana aliamkia watu kwa shikamoo, alikula kila alichopewa, na jioni alikaa na mzee akimsikiliza habari za mahindi kana kwamba kesho ana mtihani wa mahindi. Mzee alimpenda haraka, tena waziwazi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Jumapili moja baada ya ibada mzee alichinja jogoo akaita majirani. Kuku alipoiva, alichukua firigisi, kipande ambacho katika nyumba ile hakuna aliyekigusa isipokuwa mwenye nyumba, akakiweka kwenye sahani ya Ambwene. Kisha akasimama.

"Mnajua ndugu yangu mdogo, Wasike, alikufa bila mtoto," alisema. "Jina lake halijapata mtu. Nimengoja huyu, nimengoja yule. Leo nimempata. Huyu ni Wasike."

Watu walipiga makofi. Nasimiyu alipiga kuwashinda wote, kwa maana wakati huo alikuwa bado hajamtazama Ambwene kwa macho yale mengine. Alimwona kijana mpole mwenye saruji kwenye nyusi, basi.

Lakini katika nyumba ya Wabukusu jina la marehemu si la kuchezea. Anayepewa jina hilo hukalia kiti cha mwenyewe. Tangu siku ile Ambwene, ambaye hata ndevu zake zilikuwa hazijaamua kama zitaota, akawa mdogo wake Mzee Nicodemus, shemeji yake Mama Milcah, na kwa Nasimiyu akawa baba mdogo.

Nasimiyu aliliona jambo hilo kuwa kichekesho kikubwa. "Baba mdogo, chai iko tayari," angemwambia mbele ya watu, naye angeitikia kwa sauti nzito ya kizee, "Asante mwanangu, Mungu akukuze." Walicheka mpaka wakashikilia mbavu. Tena jina lile liliwafungulia njia. Wanawake wa mtaa ule, ambao hawajawahi kumwona msichana akipita na mvulana bila kusema neno, waliwatazama wakitoka shule pamoja kila jioni na hawakuona kitu. Nani ataanza kumlinda msichana dhidi ya baba yake mdogo?

Hata hivyo, utani ukizidi huacha kuwa utani. Mvua moja ya jioni iliwakuta kwenye vile vyoo, wakati ambapo mabati yalikuwa yamefika nusu tu. Walisimama upande uliofunikwa, karibu karibu.

"Nasimiyu."

"Sema, baba mdogo."

"Leo usiniite hivyo."

"Sasa nikuite nani?"

"Jina langu unalijua."

Alilijua. Alilitaja kwa sauti ndogo ambayo hata yeye hakuitambua, na Ambwene akamtazama kwa muda mrefu bila kucheka. Mvua ilipokatika hakuna aliyekuwa wa kwanza kutoka. Tangu jioni hiyo Nasimiyu alimpenda kwa namna ya kumkosesha usingizi, na kila alipomwita baba mdogo mbele ya wazazi wake alijisikia mwongo.

Walikuwa wamekubaliana. "Wacha nianze na mum," Nasimiyu alikuwa amemwambia. "Pole pole, mkishaenda. Mum anajua mahali pa kumshika baba." Ambwene aliitikia, lakini kwao kijana anayemtaka binti wa watu na kuondoka kimya huhesabiwa pamoja na wezi. Vyoo vilikuwa vimekamilika. Jumatatu basi lingewarudisha kwao. Alihitaji mtu mzima wa kumsemea, na mshenga lazima awe mzee anayekufahamu, aliyekuona ukila na ukilala. Alitafuta Rongai nzima kichwani mwake, akampata mmoja tu.

"Shikamoo, kaka," sauti yake ilisikika kwenye veranda.

"Marahaba, Wasike. Keti. Mbona umevaa shati ya kanisa na leo ni Jumamosi?"

"Nina jambo, kaka. Nimepata msichana."

Redio ilizimwa. Vidole vya Nasimiyu viligandia kwenye managu.

"Msichana! Huko kwenu ama hapa?"

"Hapa hapa Rongai."

"Mama Nasimiyu!" mzee aliita kwa sauti ya kufikia barabarani. "Kuja! Wasike amepata bibi!"

"Ai!" Mama Milcah aliinuka akijifuta mikono kwenye leso. "Na amenyamaza hivyo! Wacha nikasikie."

"Mum, ngoja. Please."

"Ningoje nini? Si ni shemeji yangu anaoa?"

Akatoka. Nasimiyu alisogea dirishani. Alitaka kukimbia nje akamzibe Ambwene mdomo. Alitaka pia kusikia atasema nini. Basi akasimama palepale.

"Kwetu kijana hajisemei," Ambwene alikuwa akieleza. "Hutuma mshenga, mzee anayemjua. Mimi hapa Kenya sina mzee mwingine ila wewe. Ndiyo nimekuja kukuomba uniwie mshenga."

"Unaomba? Kwani nani mwingine ataenda?" Mzee Nicodemus alipiga goti lake kwa furaha. "Mimi ndio kaka yako. Nitaenda! Hata kama ni kwa matajiri wa Kiamunyi, wale wenye gate inafunguka yenyewe, nitaingia, nitaketi, nitawaambia huyu ni wetu, hana deni na hana tabia mbaya."

"Kaka, usiahidi kwanza."

"Nimeshaahidi, na Mama Nasimiyu ni shahidi. Sema, msichana ni wa nani?"

Ambwene alijinyoosha kola. Kule dirishani Nasimiyu alimwomba Mungu ampe kijana yule uongo mmoja mzuri. Aseme ni Joyline, karani wa shule. Aseme ni mtu wa Gilgil. Aseme alikuwa anatania.

"Ni wako, kaka."

Mzee alicheka kwanza. Alicheka peke yake, kisha akamtazama mkewe aone kama naye anacheka. Halafu akageuka polepole akatazama dirisha la jiko, akauona uso wa binti yake. Hakuhitaji kuambiwa zaidi.

"Yesu," Mama Milcah alisema.

"Nasimiyu, toka hapo."

Alitoka na majani ya managu yakiwa yamenata vidoleni. Alisimama kwenye ngazi ya veranda, chini ya baba yake, akihisi ana miaka kumi.

"Huyu ni nani?" mzee aliuliza.

"Ni Ambwene, baba."

"Sijauliza anaitwa nani. Nauliza ni nani kwako."

"Wewe ulimfanya baba mdogo. Mimi sikumfanya."

"Ulipiga makofi! Nilikuona kwa macho yangu, ukipiga kuliko watu wote."

"Nilipiga. Sikuwa najua."

"Na vile mlikuwa mnatoka shule pamoja!" Mama Milcah alijishika kichwa. "Mimi nikisema heri, mtoto asitembee pekee yake, ako na baba yake mdogo! Kumbe nalinda fisi na mbuzi kwa boma moja."

"Mama, sijamfanyia mwanao ubaya wowote," Ambwene alisema. Alikuwa amesimama, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. "Nimelala kwenu na nimekula kwenu. Ningetaka mabaya ningeondoka Jumatatu nikanyamaza."

"Ulikula firigisi yangu," mzee alimwambia.

"Niliila, kaka. Na nilifurahi kuliko unavyodhani."

"Usiniite kaka." Mzee Nicodemus alifikiri, akatikisa kichwa. "La, niite tu. Si ndio shida yenyewe? Kesho kanisani nitasema nini? Kwamba Nicodemus ameoza msichana wake kwa ndugu yake? Wale watu wote walikula kuku hapa. Waliona."

"Basi nitalirudisha jina," Ambwene alisema.

Kwa mara ya kwanza mzee alikasirika, akainuka. "Jina si jembe, uazime na urudishe likiwa na tope!"

Mzee alikaa tena kwenye kiti chake, na alipoendelea sauti yake ilikuwa kavu, kama mtu anayesoma matangazo.

"Wasike alikufa akiwa rika yako. Tulikuwa tunalala kitanda moja. Alienda kazi asubuhi, jioni tukaletewa mwili. Wewe ukiingia hapo kwa gate jioni na hizo viatu zako za simiti, mimi husema ndani ya roho, ee, amerudi kazi. Ndio hiyo tu. Halafu nakula, nalala. Miaka yote hiyo nilikuwa silali vizuri, uliza huyu mama. Sasa unaniambia utarudisha."

Nasimiyu alikuwa amejitayarisha kwa hasira ya baba yake. Kwa hasira alikuwa na majibu, tena mengi, aliyoyapanga usiku kitandani. Haya hakuyatarajia. Aliona huruma iliyomuuma kuliko kama angepigwa. Alitamani kumkumbatia baba yake, lakini katika nyumba ile watu hawakumbatiani ovyo, basi akabaki kubandua majani vidoleni.

Aliyesema alikuwa Mama Milcah.

"Baba Nasimiyu, hiyo jina ilitoka kwa mdomo yako. Hukuuliza mtu. Hakuna mwenye anaweza kuitoa isipokuwa wewe."

"Wewe uko upande gani?"

"Mimi sina upande. Mimi naona tu. Huyu kijana akienda hivi, hatarudi hapa, atakuwa Wasike wa simu. Na huyu msichana namjua, nilimzaa. Hatakutusi, hatalia. Atakuwa anakupea chakula na anarudi jikoni, hadi uzeeke. Hiyo ndio utakuwa nayo."

Mzee alimtazama mkewe. Kisha akamtazama binti yake.

"Mimi siamui," alisema. "Nimeamua mara moja na mmeona nilichopata. Wewe ndio utasema, Nasimiyu. Na usikie vizuri. Akibaki Wasike, hii boma ni yake mpaka afe. Atakuja wakati wowote bila kubisha. Akioa huko kwao, watoto wake ni wetu. Utamwona, utamsalimia, mambo yenu itaisha pole pole, hata mtacheka siku moja. Lakini nikimtoa jina, ametoka. Sitakuwa namjua. Siwezi kumsemea kwa mtu, sitaulizwa habari yake, na leo analala shule na wenzake. Chagua."

Nasimiyu alimtazama Ambwene. Alimtazama sana, kwa namna ambayo kwa wiki nyingi hakuthubutu kumtazama mbele ya wazazi wake: paji la uso lililochomwa na jua la Rongai, mdomo ule uliojua kuigiza vizee, kola ya shati ambalo yeye Nasimiyu alilipiga pasi Jumapili iliyopita. Ambwene alimwangalia, macho yamejaa maji, halafu akatikisa kichwa kidogo. Chagua baba yako, kichwa kile kilisema. Nitaelewa.

"Usinitingishie kichwa," Nasimiyu alimwambia.

"Nilikuwa tu..."

"Najua ulikuwa tu. Hukuniuliza ukikuja hapa na shati ya kanisa, sasa unataka kuniamulia tena? Wacha niseme mwenyewe."

Mama Milcah alikohoa, na pengine ilikuwa kicheko.

"Baba," Nasimiyu alisema. "Nampenda. Sikupanga. Ningepanga, singepiga makofi ile siku. Na wewe pia nakupenda, na nikifikiria ukilala vibaya tena nasikia vibaya sana. Lakini Wasike alikufa kabla nizaliwe. Huyu ako hai. Na mimi niko hai. Siwezi kumpea chai maisha yangu yote nikijifanya ni mtu amekufa."

Mzee aligeuza uso akatazama barabara.

"Mtoe jina, baba."

Trekta ilipita barabarani na magunia, mbwa wa jirani wakaibwekea, ikaenda. Nasimiyu aliona mikono ya baba yake ikishika magoti na kuachia, ikishika na kuachia. Alijua ameomba jambo kubwa. Hakujuta, ila alihisi baridi, kama mtu aliyetoka nje asubuhi bila sweta.

"Mama Nasimiyu, lete maji."

Mama Milcah alileta maji kwenye kikombe. Mzee Nicodemus alisimama, akashuka ngazi mpaka kwenye udongo, akageuka upande wa machweo ulikokuwa ukoo wao, kule Bungoma. Alimwaga maji kidogo kidogo akisema maneno ya Kibukusu kwa sauti ya chini. Ambwene hakuelewa neno, ingawa ni yeye aliyekuwa akivuliwa jina. Nasimiyu alielewa yote. Baba yake alikuwa akimwomba msamaha ndugu yake kwa kumwita nyumbani na kumfukuza. Alimwambia asihesabu jambo hili kuwa dharau, kwamba ni mambo ya watoto, na kwamba akipata nafasi atamtafutia mwingine. Mwishoni alilitaja jina mara moja, akanyamaza. Mama Milcah alikuwa akilia bila sauti, akijifuta kwa kona ya leso.

Mzee alipanda ngazi, akampa mkewe kikombe, akaketi. Aliinyoosha suruali yake. Alipoinua uso, Nasimiyu alishtuka, kwa maana ule uchangamfu ambao nyumba nzima ilikuwa imeuzoea haukuwapo. Baba yake alikuwa akimtazama Ambwene kwa adabu, jinsi anavyotazamwa mtu aliyebisha langoni na ambaye bado hajasema shida yake.

"Karibu, kijana," alisema. "Unaitwa nani?"

Ambwene alifungua mdomo, akaufunga. Alielewa, na Nasimiyu aliona kuelewa kule kunavyomuuma.

"Naitwa Ambwene, mzee."

"Mtoto wa nani?"

"Wa Mzee Mwaisaka, wa Tukuyu, mkoa wa Mbeya."

Mzee Nicodemus alifikiri kidogo, akilipitisha jina lile polepole kama mtu anayetafuta kama aliwahi kukutana nalo mahali.

"Simjui," alisema. "Mwambie aje."